Dau la Laki Moja Kansanga: Oasis ni Bendi ya Dunia au ya Waingereza?

Usiku wa Jumamosi, tarehe 31 Agosti 2024, watu wawili walinikabidhi shilingi laki moja ndani ya kibanda cha mpira pale Kansanga, Kampala. Kila mmoja alitoa elfu hamsini. Mmoja ni kijana wa bodaboda, mzaliwa wa Kasese, shabiki wa Manchester City wa kufa na kuzikana. Mwenzake ni mwanafunzi wa sheria kutoka Nakuru, mtu wa roki tangu sekondari, mwenye fulana nyeusi za bendi kuliko vitabu. Walikuwa wanabishania Oasis, bendi ya ndugu wawili wa Manchester, Liam na Noel Gallagher, ambao siku nne kabla ya hapo walitangaza kwamba wanarudiana. Mimi nilipewa pesa kwa sababu sina upande: timu yangu ni SC Villa ya hapa Uganda, na redio ya nyumbani kwangu haitoki kwenye taarabu.

Masharti niliyaandika nyuma ya karatasi ya kubeti, ninayo mpaka leo. Wa boda: "Oasis ndiyo bendi inayotakiwa kuliko zote duniani." Mwanafunzi: "Oasis ni bendi ya Waingereza, nje ya kwao haijazi uwanja." Hukumu itolewe ziara ikiisha. Ziara iliisha São Paulo tarehe 23 Novemba 2025, na tangu hapo kila nilipotia mguu kibandani nilikuwa naulizwa pesa ziko wapi. Pesa zilikuwepo. Kilichonichelewesha kilikuwa hukumu.

Dada aliye kwenye foleni

Kwa asiyeijua Kansanga: iko barabara ya Ggaba, ukishapita Kabalagala, na kwa sababu ya chuo kikuu kilicho hapo, Kiswahili hakikosekani. Wakenya wamejaa kwenye hosteli. Wakongo wa Nsambya na Makindye hushuka jioni kutafuta mpira. Na sisi tuliokulia mpakani tunapata watu wa kuongea nao bila kuaibika kwa Kiganda chetu cha kuokoteza.

Siku ile City walikuwa ugenini kwa West Ham, mechi ya saa moja na nusu jioni kwa saa zetu. Haaland alifunga matatu, wakashinda 3-1. Lakini kijana wa boda alitazama simu kuliko skrini. Dada yake mkubwa yuko kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, huko Manchester, anahudumia wazee, na tangu saa tano asubuhi ya Kampala alikuwa kwenye foleni ya mtandaoni akisubiri tiketi. Alikuwa amefungua simu yake, kompyuta aliyoazima, na simu ya mwanawe. Vifaa vitatu, mtu mmoja. Shikeni hilo, nitalirudia. Mbele yake palikuwa na watu zaidi ya laki mbili.

Wakati wa mapumziko ujumbe wa sauti uliingia, kijana akauweka kwenye spika. "Nimefika mbele. Asubuhi tiketi ya kusimama ilikuwa pauni 150. Sasa wananiambia 355. Nimefunga simu, nalala." Kibanda kizima kikapiga hesabu. Pauni 355 kwa bei ya siku ile zilikuwa kama milioni 1.7 za Uganda.

"Kwa kusimama?" akauliza mama wa chapati, aliyekuwa mlangoni na kikaango chake. "Hata kiti hupewi?"

"Umeona, wakili?" wa boda akamgeukia mwanafunzi. "Watu wanalipa hizo, na wengine wanakosa. Nani mwingine duniani anaweza?"

"Kaka, hiyo ni harusi ya Waingereza," mwanafunzi akajibu. "Wamealikana wao kwa wao."

Hapo ndipo elfu hamsini zilipotoka mfukoni.

Foleni inahesabu nini?

Ushahidi wa kwanza wa kijana wa boda ulikuwa tangazo la waandaaji: watu zaidi ya milioni 10 kutoka nchi 158 walijaribu kupata tiketi za Uingereza na Ayalandi. Tiketi zilikuwa kama milioni 1.4, kwa usiku 17 uliokuwa umetangazwa wakati huo. Alizisoma namba hizo kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi.

Namba hizo sizikatai, ila nazipima. Nchi 158 maana yake ni kwamba kila nchi kati ya hizo ilikuwa na angalau mtu mmoja. Uganda ikitoa mmoja na Japani ikitoa maelfu, kwenye hesabu hiyo ni sare. Halafu milioni 10 ni hesabu ya muuzaji, aliyoitoa wakati ambapo faida yake ni wewe ujione umechelewa. Na dada wa Manchester peke yake alikuwa amesimama mara tatu kwenye foleni hiyohiyo.

Kuna jingine. Ukishindanisha bendi kwa idadi ya waliotaka tiketi wakakosa, Oasis haishindi. Mwezi wa Desemba 2007 Led Zeppelin, bendi kongwe ya roki ya Uingereza, walirudiana kwa usiku mmoja tu, O2 ya London, ukumbi wa watu kama 20,000, na maombi yaliyotangazwa yalikuwa milioni 20. Oasis wenyewe, mwezi wa Agosti 1996, walicheza usiku mbili Knebworth mbele ya watu 125,000 kila usiku, na walioomba tiketi walikuwa zaidi ya milioni 2.5. Led Zeppelin walicheza mara moja wakaenda zao, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kama wangejaza usiku wa pili, wa tatu, wa ishirini. Kiu hupimwa kwa maji yaliyonywewa. Kelele za wenye kiu hazina kipimo.

Hata hivyo kuna kitu nilikielewa bila kufundishwa. Villa tulikaa miaka 20 bila kombe la ligi, tangu 2004, mpaka tulipolichukua Mei 2024. Wiki ile nilikutana na watu waliovaa buluu ambao sikuwa nimewaona uwanjani tangu nikiwa kijana. Walikuwa wapi? Walikuwepo. Walikuwa wanasubiri kitu cha kuwatoa nyumbani. Oasis walivunjika Paris tarehe 28 Agosti 2009, baada ya ugomvi wa ndugu nyuma ya jukwaa, na tangazo la kurudiana likaja siku moja kabla ya miaka 15 kutimia. Miaka hiyo yote kulikuwa na watoto waliozaliwa, wakakua, wakazikuta nyimbo kwenye simu za wazazi wao, na hawajawahi kuwa na siku ya kwenda kuiona bendi. Bendi isiyovunjika haiwezi kulimbikiza watu namna hiyo. Watu wake huja kidogokidogo kila mwaka.

Bei na mvua

Ushahidi wa pili wa kijana wa boda ulikuwa ile bei yenyewe: kama ilipanda kutoka 150 hadi 355, basi watu walikuwa wengi kupita kiasi. Mwanafunzi alisema hapana, bei imepandishwa na mtu, haikupanda yenyewe. Hapa nilimwuliza kijana swali la kazi yake: mvua ikinyesha, nauli ya kutoka Kansanga hadi mjini inapandaje?

Akacheka. Kwenye programu ya simu inapanda yenyewe kwa sababu watu wengi wanabonyeza kwa pamoja. Kwenye steji, mwenyewe anakutazama: umebeba nini, umevaa nini, una haraka kiasi gani, ndipo anataja.

Wengi waliamini tiketi za Oasis ziliuzwa kwa njia ya kwanza, mashine ikifuata idadi ya watu. Mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Uingereza, CMA, ilichunguza Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo, na haikukuta ushahidi wa mashine ya namna hiyo. Ilichokuta ni kwamba tiketi za kusimama zilikuwa na bei mbili zilizopangwa kabla. Za bei nafuu ziliuzwa kwanza, zilipokwisha zikaachiwa za bei ya juu, na walio kwenye foleni hawakuambiwa hivyo mapema. Tena zilikuwepo za "platinamu" zilizouzwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida, bila wanunuzi kuelezwa vya kutosha kwamba hazina faida yoyote ya ziada. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ilikubali kubadilisha namna inavyotoa taarifa.

Kwa hiyo ile 355 ilikuwa bei ya steji. Mtu aliitazama foleni kabla haijaanza, akakisia, akapanga. Alikisia sawasawa, maana zilinunuliwa. Lakini inatuambia kuhusu mikoba ya watu wa Uingereza na Ayalandi. Kuhusu dunia haisemi chochote, na ushahidi huu niliuondoa mezani.

Ramani

Mwanafunzi naye alikuja na hoja zake, na ya kwanza ilikuwa na nguvu. Albamu zote saba za studio za Oasis zilishika namba 1 Uingereza. Marekani hakuna hata moja iliyofika hapo, na wimbo wao unaojulikana kuliko yote, Wonderwall, uliishia namba 8. Mtu wa Nakuru aliyekulia kwenye Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, anajua bendi ya dunia inavyokuwa. Na kana kwamba Mungu alikuwa upande wake, siku tano tu baada ya dau, tarehe 5 Septemba 2024, Linkin Park nao wakatangaza kurudi, wakiwa na mwimbaji mpya Emily Armstrong, miaka saba baada ya kifo cha mwimbaji wao Chester Bennington. Mwanafunzi alinipigia simu saa sita usiku kuniambia. Nilimwambia haimo kwenye karatasi.

Lakini imo, ukiifikiria. Kwenye Spotify wasikilizaji wa kila mwezi wa Linkin Park wanazidi wa Oasis kwa mbali. Ziara yao ilifika Ujerumani na Indonesia, kote Oasis hawakutia mguu. Uwanja wa Wembley waliucheza usiku mmoja, tarehe 28 Juni 2025. Wiki chache baadaye Oasis wakaingia hapohapo, usiku saba. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hawa wawili hawabishanii kitu kimoja. Kujulikana ni jambo moja, kutakiwa ni lingine. Nenda soko la Owino kwenye mitumba uhesabu fulana za bendi za roki, kisha umwombe aliyeivaa akuimbie mstari mmoja.

Sasa tazameni ziara yenyewe. Usiku 41. Wembley 7, Heaton Park ya Manchester 5, Edinburgh 3, Cardiff 2, Dublin 2. Hizo ni 19, karibu nusu, ndani ya visiwa viwili. "Harusi," mwanafunzi akarudia. Zinazobaki ni 22: Toronto, Chicago, East Rutherford karibu na New York, Los Angeles, Mexico City, Goyang ya Korea Kusini, Tokyo, Melbourne, Sydney, Buenos Aires, Santiago, São Paulo. Melbourne peke yake usiku tatu. Viwanja vikubwa, vikajaa. Harusi ya Waingereza haiwezi kuwa na mabasi mengi ya wageni kiasi hicho.

Afande mstaafu ambaye hukaa benchi la mbele, asiyejua wimbo hata mmoja wa Oasis, aliuliza swali lililonyamazisha wote wawili: "Kama ni wakubwa wa dunia, walikuja Kololo lini?"

Hawakuja Kololo, uwanja wetu wa sherehe kubwa hapa Kampala. Afrika haikupata hata usiku mmoja katika zile 41. Mwanafunzi alitaka kulichukua swali hilo kama ushindi, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. Maana Paris haikupata pia. Wala Berlin, wala Madrid, wala Roma. Ulaya yote ya bara ilirukwa, na hakuna atakayesema Wazungu wa Ufaransa au Italia hawawezi kujaza uwanja mmoja kwa ajili ya Oasis. Ramani ya ziara inaonyesha mahali bendi ilipokwenda, na bendi huenda penye uwanja, bima, promota mwenye fedha, na miji inayofuatana ili vyombo vivushwe kwa gharama nafuu. Guns N' Roses waliporudiana, ziara yao ilifika Johannesburg mwaka 2018, uwanja wa FNB. Kati ya Johannesburg na sisi hakuna kituo cha pili cha roki cha kuwashawishi waendelee kaskazini. Kutokuja kwao Kololo hakumsaidii mtu yeyote kwenye dau hili, ingawa nakiri swali la afande ndilo lililonikaa rohoni kuliko mengine.

Papa fundi na Wenge

Fundi cherehani Mkongo, ambaye wote tunamwita Papa, alivumilia haya kwa muda. Siku moja akaweka mkasi chini. "Nyinyi batoto munaongea kuvunjika kwa bendi. Munajua Wenge?"

Wenge Musica walivunjika mwaka 1997, JB Mpiana upande huu, Werrason upande ule, na Kinshasa nzima ikalazimika kuchagua. Familia ziligawanyika mezani. Waliporudiana jukwaani, mwezi wa Juni 2022, Papa alikuwa kwenye chumba chake Nsambya akiangalia kwa simu ya jirani, na anasema alilia. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna aliyehesabu machozi hayo. Wenge hawana foleni ya nchi 158, hawana CMA ya kuwachunguza, kwa hiyo kwenye mizani yetu hawana uzito. Kisha akaongeza, kwa furaha ya wazi, kwamba Fally Ipupa alijaza Paris La Défense Arena mwezi wa Novemba 2023, mji uleule Oasis walipovunjikia na wasipoweka onyesho.

Kisheria ushuhuda wa Papa haukuhusu dau. Lakini ulinikumbusha kwamba tulikuwa tunapima mapenzi kwa risiti, na wasio na risiti hawamo.

Ambapo inanirudisha kwa dada wa Manchester. Tarehe 11 Julai 2025, Oasis wakianza usiku wao wa kwanza nyumbani, Heaton Park, dada alimaliza zamu akaenda bila tiketi. Nje ya uzio kuna kilima, na mamia ya watu walikuwa wamekaa hapo kwenye nyasi, wanasikia kila kitu, wanaona skrini kwa mbali. Wakakipa jina Kilima cha Gallagher. Alituma sauti ya dakika mbili. Ilikuwa upepo, watu wanaimba, na yeye mwenyewe anacheka kwa Kiganda. Usiku uliofuata kulikuwa na watu wengi zaidi, na baadaye halmashauri ya jiji ikakizungushia kilima uzio.

Mtu huyu, kwenye foleni ya Agosti 2024, alihesabiwa mara tatu. Kwenye geti la Julai 2025, hakuhesabiwa kabisa.

Kibandani sauti ile ilichezwa mara nyingi. Kilichowateka zaidi kilikuwa video za ziara, pale Liam anapowaambia watu wageuke, washikane mabegani, waruke huku wakilipa jukwaa mgongo. Wa boda alipiga ukelele: "Poznań!" Mashabiki wa City waliichukua ile staili kwa wale wa Lech Poznań, klabu ya Poland, mwaka 2010, na kibandani hufanyika kila Haaland akifunga. Watu ambao hawangeweza kutaja wimbo mmoja wa Oasis waliinuka na kugeuka. Mama wa chapati pia, na mwiko mkononi.

Karatasi inasema nini

Mimi ni refa, na refa hufuata kilichoandikwa. Wa boda aliandika "kuliko zote duniani". Mwaka huohuo wa 2025, uwanja huohuo wa Wembley, Coldplay walicheza usiku 10. Oasis 7. Coldplay hawakurudiana kwa sababu hawakuwahi kuachana, lakini karatasi haisemi bendi iliyorudiana, inasema zote. Nilimshauri siku ile aongeze neno moja, akakataa, Haaland alikuwa amemlevya. Amepoteza.

Mwanafunzi aliandika "nje ya kwao haijazi uwanja". Tokyo Dome usiku mbili, Mexico City usiku mbili, Melbourne tatu. Amepoteza, tena vibaya zaidi, na kwa mtu anayesomea sheria kuandika sharti linalovunjwa na uwanja mmoja tu ni aibu ambayo wenzake hosteli hawajaiacha.

Nilitoa hukumu hiyo Jumapili moja ya Desemba 2025, kabla ya mechi. Nikamrudishia kila mmoja elfu hamsini yake. Mwanafunzi alizipokea, akazihesabu, akatia mfukoni, akasema atakata rufaa. Kijana wa boda hakuzichukua. Alisukuma noti kwangu akaomba karatasi nyingine ya kubeti.

"Andika: Oasis watakuja Kololo."

"Lini?" nikamuuliza.

"Kabla dada hajarudi kutoka kyeyo."

Kutoka benchi la mbele afande alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, elfu hamsini mpya kati ya vidole viwili.